Keki ya Ndimu Chini ya Nyumba

Kila ninapokwangua ganda la ndimu, mkono wangu husimama wenyewe. Ile harufu kali ikishapanda puani, siko tena jikoni kwangu Dilala, mbele ya oveni inayowaka kwa kubonyeza. Niko Kasulo, mtaa wa utoto wangu, nimechuchumaa kando ya mbabula ya mama, makaa yanatatarika na moshi unaniwasha macho. Wanangu wamezoea. Husema, "Mama amesafiri tena," wakanichukulia kikwanguo na kuendelea wenyewe. Basi leo niwaambie ninakosafiri, ninyi wa rika langu mliokulia kwenye nyumba za matofali ya udongo, maana hawa wetu wenye friji nikiwasimulia wanadhani natunga.

Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili na shimo moja. Shimo lilianzia chumba cha mbele, pale ambapo watu wengine huweka meza, na likashuka wima mpaka giza linakula miguu ya anayeshuka. Inasemekana jirani mmoja alikuwa anachimba choo akakutana na mawe meusi, yale ya kobalti, na haukupita muda mtaa mzima ulikuwa umevunja sakafu zake. Ungepita barabarani mchana ungedhani watu wamehama, kumbe wote wako chini, kila mtu chini ya kitanda chake. Tata, yaani baba yangu, naye alivunja ya kwetu.

Lakini mimi sikuwa na habari za kobalti. Nilichojua ni kwamba mama alikuwa amemsumbua tata kwa muda mrefu kuhusu friji. Maziwa yanaharibika, samaki anaoza, wanawake wa Dilala wanakunywa maji baridi na yeye yuko hapa anakunywa ya uvuguvugu kama mgonjwa. Katikati ya ugomvi huo tata akaja na mtaimbo akaanza kupiga sakafu. Nikajumlisha mwenyewe: hana uwezo wa kununua friji, basi anamchimbia. Na kila nilichokiona baadaye kilinithibitishia. Mama alikuwa akiteremsha maji kwa ndoo na kamba, na yakipanda yanauma meno kwa baridi. Magunia yale ya udongo yaliyokuwa yanapandishwa kutwa nzima? Wanaipanua. Nilikuwa nikimhurumia rafiki yangu wa nyumba ya jirani, ambaye baba yake alikuwa amechimba kidogo tu akachoka, nikasema moyoni kwamba hao hawatakula kitu cha baridi maisha yao yote.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinanishangaza. Tata akishuka, mama hakai. Atafagia palipofagiliwa, ataosha sahani safi, kisha atapiga magoti ukingoni na kupaza sauti: "Tata Nadège! Chumvi niongeze?" Nadège ni mimi. Kutoka mbali chini ingekuja sauti nyembamba: "Ongeza!" Baada ya muda kidogo tena: "Tata Nadège! Mafuta inatosha?" Nami nikawa naamini kwamba tata ndiye mjuzi wa upishi nyumbani kwetu, kwamba mama hawezi kuchemsha hata sombe, yale majani ya muhogo, bila kumuuliza. Leo nina mume na watoto, na najua alichokuwa anakitafuta mle shimoni ni sauti, jibu hakuwa na shida nalo. Mara nyingi hiyo sombe yenyewe ilikuwa bado sokoni.

Sasa keki. Mama alialikwa arusi Dilala, kwenye ukumbi wa mwanamke aliyeitwa Mama Odette, akala pale kipande kimoja cha keki ya jibini yenye ndimu. Alirudi nyumbani akiwa kama mtu aliyepata habari njema asiyejua aanzie wapi. Alituelezea: haikai mdomoni kama mkate, inayeyuka, ni tamu halafu ni chachu, halafu ni tamu tena. Baadaye akaenda kumsalimia yule mwenye ukumbi, na Mama Odette akamwambia kwamba aliyekuwa anaipika amehamia Lubumbashi, na tangu hapo kila mwenye arusi anaililia.

"Mi najua kuifanya," mama akasema.

"Kweli, mama?" Mama Odette akauliza.

"Kabisa."

Alikuwa hajawahi kuipika hata siku moja. Mama Odette akasema vizuri, Jumapili ijayo baada ya misa atakuja kuionja, tena kwetu, kwa sababu hachukui mpishi bila kuona mahali anapopikia. Mama alitusimulia hayo jioni kwa furaha na hofu, na tata, aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka shimoni na masikio yamejaa vumbi, akacheka mpaka akakohoa.

"Kama ule mama anakupa kazi," akasema, "mi nafunga ile shimo, nabeba bantu na pikipiki ya kaka yangu." Yaani abebe abiria kwa malipo.

Mama akaacha kucheka. "Rudilia."

"Nirudilie nini?"

"Ile unasema. Rudilia mbele ya mutoto."

Tata akanitazama, akamtazama mama, akarudia neno kwa neno, lakini bado anatabasamu. Kwa kuwa alitabasamu mimi nikachukulia ni utani wa wakubwa, nikaendelea kunyonya ndimu yangu. Mama hakuchukulia hivyo. Kuanzia siku ile alikuwa mtu mwingine ndani ya nyumba.

Ndimu zilikuwa zimetoka Lubudi kwa kambo, bibi yangu, gunia zima lililopanda treni. Jibini hapakuwa nayo, ila mama alipata video kwenye simu ya jirani na akaona kwamba inaweza kutengenezwa. Alikoroga maziwa ya unga, akayachemsha, akakamulia ndimu ndani, na maziwa yakakatika mbele ya macho yangu, meupe huku na maji ya kijani huku. Nilipiga kelele kwamba yameharibika. Mama akanicheka. Akayachuja kwa kitambaa chake cha kichwa, akakifunga na kukitundika kwenye msumari, kikawa kinadondosha maji polepole kwenye beseni. Kazi yangu ilikuwa kukwangua maganda. Kikwanguo chetu kilikuwa kopo la nyanya lililotobolewa kwa msumari, na vidole vyangu vilikuwa na mikwaruzo kila mahali, ndimu ikiingia nalia, nikimaliza kulia naendelea.

Keki ya kwanza ilituaibisha. Biskuti za kuweka chini tulizitwanga kwenye kinu, na kinu kile tangu kizaliwe kazi yake ilikuwa kutwanga majani ya muhogo. Tukapata keki yenye ndimu juu na sombe chini. Tata aliila yote, kwa heshima, akasema, "Inakosa paka samaki," yaani imekosa samaki tu. Ya pili iliungua. Oveni yetu ilikuwa sufuria kubwa yenye mchanga, ndani yake bati la keki, na makaa mengine juu ya mfuniko, na kujua moto umefika wapi ilikuwa kubahatisha tu. Mama aliichota ile iliyoungua akawapa kuku, akaanza upya.

Jumamosi ikakubali. Ilitoka manjano nyepesi, pembeni imeshika, katikati inatikisika kidogo kama video ilivyosema itikisike. Mama aliitazama kwa muda mrefu mikono ikiwa kiunoni. Halafu akakumbuka kilichobaki, uso ukamshuka: ilitakiwa ilale kwenye baridi saa kadhaa, la sivyo itakuwa uji.

Mimi sikuona tatizo liko wapi. "Mama, si tuiteremshe mu frigo?"

"Frigo gani?"

Nikamwonyesha shimo. Mama akanikazia macho, kisha akacheka kicheko ambacho sikukielewa, akanivuta kichwa akanibusu. Tukaiweka keki ndani ya ndoo, tukaifunika kwa kitambaa safi, tukaiteremsha taratibu mpaka kamba ikalegea. Nilijisikia mtu muhimu sana. Tata hakuwepo, alikuwa amepeleka magunia kwa wanunuzi. Chini alikuwepo Ngoie, kijana aliyekuwa akichimba naye, na hakuna kati yetu aliyefikiria kumwambia.

Ninyi wa Kasulo mmeshaelewa. Ndoo inayoshuka shimoni adhuhuri ni chakula. Haijawahi kuwa kitu kingine. Huulizi, hupekui, unanawa kama maji yapo na unakula. Isitoshe huko chini mashimo yalikuwa yameshatoboana, ya kwetu na ya Tata Kabamba wa nyumba ya pili, na wachimbaji walikuwa wakitembeleana kama majirani wa juu wanavyotembeleana.

Ngoie alipanda alasiri, mweusi kila mahali isipokuwa kuzunguka mdomo. "Mama, aksanti," akasema. "Leo ulitutendea muzuri."

Mama akasimama. "Ngoie. Gato yangu iko wapi?"

"Gato?"

"Mu ndoo!"

"Ah, ile bukari ya sukari?" akasema, yaani ule ugali wa sukari. "Tulikula, mama. Ba kwa Kabamba balisikia harufu, balikuya, nikabapatia na beye." Halafu, kwa kuwa aliona uso wa mama na akataka kumfurahisha, akaongeza, "Iko na teneur, mama! Teneur ya kweli!"

Teneur ni neno la wanunuzi wa mawe, wakipima jiwe lina madini kiasi gani. Kasulo hapakuwa na sifa kubwa kuliko hiyo. Lakini mama aliketi juu ya rundo la udongo nyuma ya nyumba akalia kwa sauti, huku akijipiga mapaja. Nilidhani analia njaa. Nilikwenda kumletea bukari baridi iliyobaki asubuhi, naye akaisukuma sahani na kulia zaidi. Ngoie alisimama pale akiipindapinda kofia yake, na mama alipoweza kuongea akamweleza yote: Mama Odette, Jumapili, na neno alilolisema tata. Ngoie akalisikiliza hilo neno la mwisho kwa makini. Naye alikuwa anashuka kila siku kwenye shimo lile, na aliijua hofu ya mama kuliko mimi.

"Mama, usilie," akasema, akaondoka mbio.

Alirudi kabla jua halijashuka. Alikuwa amezunguka kwa kila aliyekula, mmoja mmoja, akimwambia alipe alichomeza. Alileta makopo ya maziwa, biskuti, mayai ndani ya kofia, na kwa kuwa ndimu zetu zilikuwa zimebaki kidogo, machungwa. Mama alitaka kukataa machungwa. Kisha akayanusa, akanipa. "Kwangua na haya." Tukachemsha, tukakatisha, tukatundika kitambaa, biskuti tukazisaga kwa chupa mezani, na alfajiri ya Jumapili mbabula ilikuwa imeshawaka.

Safari hii ndoo ilipoteremshwa, hapakuwa na mtu shimoni. Tata alimkataza Ngoie asishuke, na mimi nikawekwa juu ya fundo la kamba, nimelikalia, nimeambiwa nikiinuka nitajuta. Sikuinuka. Watu walikwenda misani na kurudi, mimi niko pale pale, miguu imekufa ganzi. Walipoipandisha ilikuwa ya baridi, ngumu vizuri, na harufu yake ilijaa chumba. Tata akafunika shimo kwa mbao, juu ya mbao mkeka, juu ya mkeka meza yenye kitambaa kirefu. Mama alikuwa ameshasema wazi kwamba Mama Odette akiona tundu lile katikati ya nyumba, atageuza njia.

Alifika kwa pikipiki, ameshika kofia yake ya misa kwa mkono. Mwanamke mnene, mpole wa sauti, mwenye macho yasiyokuwa na upole hata kidogo. Alikagua mbabula, akakagua sufuria, akapitisha kidole kwenye sahani. Akaketi mezani. Mama akamkatia kipande.

Mama Odette akala. Akala tena. Tata alikuwa ameegemea ukuta, na nilimwona anamwangalia mama, si mgeni. Ndipo kutoka chini ya meza, chini ya mkeka, chini kabisa ya miguu yenye viatu vya misa, ikapanda sauti ya mwanamume:

"Mama ya gato! Mama eeh! Ya leo mutateremusha saa ngapi?"

Mama alifumba macho. Sauti ikaendelea, kwa adabu kabisa: "Njo siye ba kwa Kabamba! Tulileta maziwa!"

Mama Odette aliweka uma mezani. Akainua kitambaa, akaangalia mkeka, akamwomba tata ausogeze. Tata akasogeza, akaondoa na ubao mmoja. Yule mama wa ukumbi akainama na kofia yake ya misa mpaka nikaogopa itaanguka.

"We, uko nani?" akaliuliza giza.

"Mi niko mucreuseur, mama! Muchimbaji wa Kabamba!"

"Na unafuata nini huku?"

"Gato, mama. Ile ya jana. Tangu jana siko nalala muzuri."

Alianza kutikisika mabega, na mimi nikadhani amekasirika. Kumbe ni kicheko, kikubwa, cha mtu asiyecheka mara nyingi. Alicheka akajifuta macho na kitambaa cha meza. "Mi niko na salle tangu zamani," akamwambia mama, "bantu banaacha ata keki kwa sahani. Hawa yako banatoboa udongo juu ya kuitafuta. Mama Nadège, Jumamosi unakuya kwangu. Kuko oveni, kuko frigo. Utaanza na arusi ya wiki hii." Akakata kipande kingine mwenyewe, kikubwa kuliko cha kwanza, akakila chote mbele yetu.

Mama hakupiga vigelegele mgeni akiwepo. Alimsindikiza hadi barabarani, akasubiri pikipiki ikate kona, ndipo mtaa ukamsikia. Vigelegele vile havikuwa vya mtu mmoja. Wanawake wa kila upande walivipokea bila kujua habari yenyewe ni ipi. Nilirukaruka naye mpaka kiatu kikanivuka. Nilijivunia mama yangu siku ile kuliko nilivyowahi kujivunia mtu yeyote, na najivunia bado.

Kisha akaingia ndani, akachukua beleshi, akampa tata.

"Mama Nadège," tata akasema taratibu, "lakini tuko karibu. Mawe ya wiki hii iko muzuri sana. Kidogo tu, halafu..."

"Ulirudilia mbele ya mutoto."

Tata akanigeukia. Nilikuwa na keki mashavuni, namtazama tu, sijui kinachosubiriwa. Alinitazama, mtu mzima anayetaka mtoto amwokoe. Akashusha pumzi. Akaenda ukingoni, akaita jina la kila aliyeweza kuwa chini, akawaambia watoke, wazibe upande wao, anafukia. Yule wa kwa Kabamba akauliza, "Na gato je?" na Ngoie, aliyekuwa ameshashika beleshi lake, akamjibu panda juu, ni bure leo.

Walirudisha udongo mpaka jioni, karibu rundo lote la nyuma ya nyumba, na wachimbaji wa Tata Kabamba wakaja kusaidia huku wakitafuna. Wote wanacheka, mama anaimba. Mimi peke yangu nilisimama nimekumbatia ile ndoo, nikalia machozi ya kweli. Siku ile ile mama amepata kazi ya keki, tata anaifukia friji yake! Nilimshika suruali nikamvuta nyuma kwa nguvu zangu zote.

"Tata, acha! Gato italala wapi?"

Mabeleshi yakasimama. Watu walikuwa karibu kucheka, lakini mama alinifikia kwanza, akapiga magoti mbele yangu na nguo yake ya misa kwenye udongo.

"Mutoto wangu," akasema, "ile haiko frigo. Ile haikukuwa frigo ata siku moja." Akatazama shimo, ambalo sasa lilikuwa limejaa hadi karibu na sakafu. "Kila siku tata yako alikuwa naingia mule, na mi nilikuwa nahesabu niko mujane mpaka anatoka."

Sikujua mujane ni nini. Lakini tata alijua, na akaweka beleshi chini akageuza uso ukutani.

Mama akasimama, akavua viatu vya misa, akanishika mkono akaniingiza juu ya ule udongo laini uliokuwa unatitia chini ya nyayo zetu. Udongo mpya hautulii bila kukanyagwa. Akaanza kucheza palepale, kwa miguu mizito, na Ngoie akapiga makofi, na tata akaja na macho mekundu akashika mkono wangu wa pili.

"Kanyaga," mama akaniambia. "Kanyaga nguvu, mutoto. Tena!"

Nikakanyaga.